Mkwaruzo

Amplifaya yataka omu nane;
Mihayo kaibebesha spika mbili za nne nne
kwenye tundu moja. Inachemka kama pasi, inakoroma.
"Kanda imeoza," wakasema Isevya nzima.

Fundi Nyamizi hakuigusa kanda.
Alinusa kifuniko,
akachomoa, akaunga upya, moja mkiani mwa nyingine,
akashusha sauti toka tisa hadi nne.
"Haikuwa kiburi. Ilikuwa mzigo."

Besi ikatua.
Marehemu mzee Kapela akaanza kuhesabu
marobota ya tumbaku, Sikonge, mwaka ule wa mvua:
ishirini na moja, ishirini na mbili,
na bado akikwaruza.

Mihayo keshashika bisibisi.
Mama akamvuta shati:
"Hapo acha. Hapo hapana waya.
Huo ni moshi wa bani."