Sababu ya Kuchelewa

Kreni za Kipevu, ng'ambo ya mkono wa bahari,
haziulizi ni saa ngapi.
Hunyanyua kasha la chuma, zito kama nyumba,
hulizungusha, hulitua,
na kabla sijamaliza kunawa mikono
zishanyanyua jingine.

Huku kwetu Mwangala taa ni ya simu.
Nyevu ameibana kwa meno,
mikono yake miwili ina kazi nyingine.

Mtoto katoka salama, saa nane kasorobo,
akalia kilio cha mwenye madai.
Kondo la nyuma ndilo lililogoma,
na lilipokubali
likaacha mlango wazi.

Damu ya uzazi haina kelele.
Hulowesha leso kwanza,
huingia kwenye ufa wa saruji,
na inapokufikia viatuni
ndipo unapojua imetembea muda mrefu.

"Daktari, mbona nasikia baridi?"
Mbeyu auliza kwa adabu, kama mgeni aombaye maji.
Simjibu. Nimekunja ngumi,
nimeiweka mahali nisipoweza kupataja mbele ya baba,
na kwa kiganja cha pili nalikandamiza tumbo
hadi mikono yangu ikutane, na kati yake
mfuko wa uzazi, laini kama unga uliozidi maji.
Kaza, nauambia. Kaza, mama, kaza.

Dawa ya kukaza nilikuwa nayo.
Friji ilikufa juzi, nayo ikafa.
Tsuma kaifuata nyingine Likoni kwa pikipiki,
na termosi ya chai
na barafu ya kukopa kwa muuza samaki.

Nimeifanya kazi hii katika mahema,
nikivaa fulana yenye nembo mgongoni,
siku mbili kwa gari kutoka penye lami.
Kule niliambiwa ni mbali, nikaamini.
Nikalipwa hata posho ya umbali.
Hapa nimezaliwa. Mama yangu amelala Tudor,
na Makadara, kwenye damu ya kuongezwa
na chumba cha upasuaji,
ningekuonyesha kwa kidole
kama ningekuwa na kidole cha kuazima.

Dakika ya ishirini, gumba likafa ganzi.
Dakika ya thelathini, Nyevu akawa anahesabu kwa Kidigo,
labda mapigo, labda sala.
Mkwe mtu akaingia bila hodi.
Akaitazama sakafu,
akavua leso yake ya begani, akamfunika Mbeyu miguu.
"Huyu hajanilipa mahindi yangu," akasema.
"Haendi popote."

Kisha pikipiki, ikipanda kilima kwa kukohoa.
Termosi. Sindano.
Tukangoja.
Na chini ya kiganja, polepole,
kitu kikajikunja, kikawa kigumu
kama embe bichi.

Gari la wagonjwa lilifika saa kumi na mbili na dakika arobaini.
Dereva aliomba radhi, akaomba na sahihi.
Fomu ina mstari mmoja: Sababu ya kuchelewa.
Nikaandika *maji*, nikafuta.
Nikaandika *njia*, nikafuta.
Ng'ambo, kasha jingine lilikuwa hewani,
likining'inia bila wasiwasi.

Mkono wangu ulitetemeka hata kalamu ikanidharau,
lakini nadhani yanasomeka:
*Uzito wa mama, kilo hamsini na mbili.*