Sanduku la Mita Moja, Himbi

SNEL wamekata umeme, na mtihani ni kesho.
Mastaki, sogeza taa ya sola. Tuanze na tunachokijua:
chukua kanieneo, uigawe kwa joto,
ugawe tena kwa mia mbili themanini na saba.
Joto tunalihesabu kwa kelvini,
tangu pale ambapo baridi haina tena cha kupoza.

Sasa chora sanduku, mita moja kila upande.
Hapa Goma, juu ya jiwe hili lililowahi kutiririka,
hewa yake ina uzito wa kilo moja na ziada kidogo:
mfuko wa sukari dukani kwa Mama Nsimire.

Panda. Kilomita thelathini,
puto la hali ya hewa limevimba, linapasuka.
Sanduku ni lile lile. Gramu kumi na nane,
sukari ya kikombe kimoja
kwa mtu apendaye chai tamu.

Panda tena. Kilomita mia.
Punje.
Punje moja ya sukari, nayo umeisambaza
sanduku zima.

Juu ya hapo fomula yetu imefika mpakani bila karatasi.
Jua ndilo linaloamua: likichafuka, hewa hufura,
na setilaiti huanza kuburura
kama chukudu iliyobeba viazi kwenye tope la Sake.
Wanaohesabu huko hukisia leo, husahihisha kesho.

“Na mazuku, mwalimu?”

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.
Nikaitazama.

Mazuku hayapandi, Mastaki.
Ni mazito kuliko hewa, mara moja na nusu,
hulala shimoni kama maji yasiyolowesha,
hayana rangi, na asubuhi yasiyo na upepo hujaa hadi ukingoni.
Habamungu alikuwa na miaka mitano. Alifuata mpira wa majani ya migomba.
Mimi nilikuwa na kumi na moja, mrefu kuliko wote mtaani,
wakinicheka, wakiniita mlingoti.
Niliingia kumchukua.
Pua yangu ilibaki juu.

Ndiyo, inahesabika.
Kanieneo ni ile ile, joto ni lile lile,
badilisha mia mbili themanini na saba,
weka mia moja themanini na tisa.
Usisahau kizio, namba tupu haina alama.

“Kimo niandike ngapi?”
Mita moja.
“Kutoka usawa wa bahari?”
Hapana.
Kutoka ardhini.