Nne Juu ya Kumi

Nilipewa maneno sitini,
na pembeni duara jeusi la kutilia alama.
Kaseti ililetwa ofisini Barra Funda Alhamisi jioni,
ndani ya bahasha, bila boksi, bila kijitabu,
na Bi Jurema, mhariri, akasema bila kuinua uso:
"Kesho saa nne asubuhi, Odair. Mtambo hausubiri mtu."

Ulikuwa mchezo wa mashine ya mkononi,
kioo cha kijani kama maji ya bwawa,
vivuli vinne tu, basi.
Kijitu kifupi kuliko ukucha wangu
kinachota maji kisimani, kinapanda nayo mlima,
na ndoo inavuja.
Hakuna adui. Hakuna upanga.
Noti tano za muziki, zinazunguka kama nzi chumbani.
Nikacheza hadi ngazi ya tatu,
nikala mkate wa jibini uliokwisha kupoa,
nikarudia ngazi ya tatu, ndoo ikakauka tena,
nikaandika:

*Michoro hafifu. Sauti inachosha.
Wazo lililokosa mchezo.
Kwa wapendao kutembea tu, labda.*

Nne.

Wenzangu walitoa tano, nne, na tatu;
tatu ni ya Celso, ambaye naapa hata hakuiwasha.
Tulicheka. Tulikuwa vijana,
kumi tuliitoa kwa mkono wa birika,
na nilijua kuua kazi ya mwaka mzima kwa kivumishi kimoja.
"Hafifu" nimeitumia mara mia tatu na kumi na mbili.
Nilihesabu baadaye, nilipokosa kazi.

Gazeti likafa. Nikauza bima za magari Osasco,
miaka kumi na minne, tai shingoni.

Kisha Jumamosi moja, Carapicuíba,
nikaingia duka la kukodisha michezo, lilikuwa linafungwa.
Ukutani, kurasa zetu, zimebandikwa kwa gundi ya unga,
alama zimezungushiwa kalamu nyekundu:
tisa, bei ya juu; nane, wikendi tu;
nne, haikuandikiwa bei.

"Hiyo hakuna aliyeitaka," akasema Bwana Genival,
"magazeti yaliisema vibaya."
Nikatazama viatu vyangu.
"Nikampa Uélinton, mtoto wa fundi cherehani.
Alikuwa anakuja kutazama wenzake wakicheza,
mikono mfukoni, hana hata senti.
Walipohamia Goiás akairudisha ndani ya soksi safi.
Nikamwambia kaa nayo. Akasema hapana, ni ya duka."

Niliinunua kwa bei ya kikombe cha kahawa.

Nyumbani nikaweka betri nne mpya,
nikatarajia kukuta patupu.
Lakini ile betri ndogo ya ndani, ya kukumbuka,
bado ilikuwa na pumzi.
Jina: UELI. Ngazi: sitini na moja.
Muda: saa mia mbili na kumi na mbili.

Nikabonyeza *endelea*.

Msitu.
Kila mahali ndoo ilipovuja, pameota kitu.
Njia nzima, kutoka kisimani hadi kileleni,
miti, majani, kivuli juu ya kivuli, vyote vinne,
na zile noti tano zimepata wenzake,
ndege, nadhani, au mtu anayepiga mluzi.
Mti wa kwanza unachipuka ngazi ya nne.
Ya nne!
Mkate ule ningeuacha, ningefika.

Sasa ni saa nane usiku, mke wangu ameniita mara mbili.
Nimechukua karatasi, nimeandika maneno sitini, nimeyafuta.
Naogopa kuzima; sijui ile betri ndogo
itaniwekea msitu wa mtoto wa watu hadi kesho.
Kijitu kinasubiri na ndoo yake.
Na ile taa nyekundu pembeni ya kioo, naona,
imeanza kuwa hafifu.

Mia tatu na kumi na tatu.