Vipimo

Kijana wa manispaa amekuja na kidude cha taa nyekundu
kinachopima ukuta bila kuugusa.
Anasoma namba, anaandika. Mita nne na robo. Mita sita.
Mama hainui macho kwenye cherehani.
Anasema kwa lugha ya kwao, nami natafsiri nusu:
mwambie apunguze sentimita mbili,
hapo nyuma ya kabati ukuta umetoa tumbo.

Miaka thelathini na moja hapa Belsunce
Tassadit ameipima Marseille kiuno kwa kiuno,
wapakuzi wa bandarini, waashi wa Setif,
mjane wa Kiarmenia aliyetaka gauni jeusi
lenye mfuko wa siri wa karanga za kanisani.
Daftari lake limejaa mabega ya watu waliokwisha kufa.

Barua inasema *kuhuisha*.
Kuhuisha kitovu cha jiji.
Nimeitafuta maiti, sijaiona.
Mkate wa Ouali unatoka tanurini saa kumi alfajiri,
juu yetu mtu anapiga mswaki huku akiimba ovyo,
ngazini baiskeli ya mtoto imeziba njia, kama jana.
Kama huku ndiko kufa,
mbona sanda zinachuruzika sabuni madirishani?

Wanatupa nyumba kaskazini, ghorofa ya tisa,
mabasi mawili na kilima.
Lifti, wanasema, itatengenezwa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe tulipewa. Baba alilishika chini ya ardhi,
akachimba njia ya metro mpaka kifua kikajaa vumbi.
Leo ni siku ya elfu kumi na moja na ushei
tunaulizwa kama tumefungasha.

Kijana anainama kupima chini ya meza,
na mama anaona: pindo la suruali limefumuka.
"Simama."
Hilo analisema kwa Kifaransa.
Anapiga magoti, pini mdomoni,
anamshona akiwa amesimama,
na ile nukta nyekundu inatetemeka juu ya dari.

Kisha anafungua daftari. Mguu: themanini na moja.
Jina? Gaëtan.
Anamwandika chini ya wale wengine wote,
anakataa pesa.

Kijana anakunja karatasi zake polepole.
Ana koti, anasema, bitana imechanika,
duka litakuwa wazi mpaka lini?

Mama ananigeukia, ameinua nyusi.
Hilo sikulitafsiri.