Nta

Babu yangu Cirimwami alifunga brashi miguuni
miaka kumi na tisa.
Usiulize alijifunzia wapi:
nta ya nyuki kopo moja, tapentaini nusu kikombe,
na kiuno.
Kiuno ndicho king'arishacho mbao, alisema. Mguu unafuata tu.

Hoteli Belerivu ilikaa kwenye ulimi wa nchi,
Bukavu, maji pande tatu,
kifua chake mviringo, madirisha duara, ngazi za terazo,
na herufi mbili, H na B, zilizodariziwa
kwenye kila shuka, kila leso,
kila mfuko wa shati la boyi,
ili kila kitu kimjue mwenyewe.

Saa kumi na moja alfajiri,
kabla madamu hawajaitisha maji ya moto,
ukumbi wa dansi ulikuwa wake.
Kushoto, kulia. Geuka penye piano.
Piano imefunikwa, imenyamaza kama mgeni mwenye deni.
Kushoto, kulia,
mpaka taa ya dari izame sakafuni
naye aone chini ya nyayo zake
mtu mwingine akicheza, kichwa chini.

Jioni walikuja wenye kucheza,
wakubwa wa chai na kwinini,
visigino vyao vikakwaruza asubuhi yake yote.
Yeye alikwisha kupanda Kadutu,
karatasi yake iliishia saa kumi na mbili.
Muziki ulimfikia kule juu vipande vipande,
upepo wa ziwa ukipenda.
Bibi Namwezi, akimkanda miguu kwa maji ya chumvi:
Wanakuchezea mgongoni, wewe.

Ningependa kusema ilikuwa nyumba mbaya.
Ilikuwa nzuri. Hapo ndipo panaponichoma.
Babu aliipenda
kama mchungaji anavyompenda ng'ombe asiye wake:
anamjua kila doa, na maziwa hayajui.

Mwaka wa uhuru tiketi ziliuzwa kwa yeyote.
Akaazima koti, akamshika Namwezi mkono,
akaingia kwa mlango wa mbele.
Bendi ikapiga rumba.
Naye akasimama katikati ya mbao alizozijua fundo kwa fundo,
miguu haina brashi,
asijue pa kuiweka.
"Niliogopa kukwaruza," alituambia.
Tulicheka, sisi wajukuu, mpaka machozi.
Hakucheka.
Akavua viatu. Walicheza na soksi,
hata waliokuja kucheka wakasogea.

Vita vilipita mara mbili. Askari walihitaji kuni.

Mwezi uliopita nilienda huko kwenye semina,
viti vya plastiki, vigae vyeupe, mota ikinguruma uani.
Nyuma ya mlango wa ghala wamesahau kipande,
upana wa mkeka wa mtoto,
mbao zimepangwa kama mfupa wa samaki.
Mlinzi akauliza, Mama, umepoteza kitu?
Sikumjibu. Nilikuwa nimeshavua kiatu.
Kushoto.
Kulia.
Bado panateleza, kidogo.