Milimita Kumi na Nne

Njoo uone, Shekihiyo, kabla hujaninunia.
Nimelilaza bawa lako kwenye ukumbi wa shule, hapa Mazinde.
Wamenihamishia madawati, wamenifagilia sakafu,
nami nimevua viatu, maana mchanga ni msumeno
ukishaingia ndani ya kitambaa.

Kamba ya kwanza, ya mbele, kulia.
Nikaifunga kwenye nondo ya dirisha,
ncha ya pili nikaipitisha kwenye kapi, nikaitundikia
dumu la maji la lita ishirini.
Marehemu baba, aliyesokota katani kule Ngomeni
mpaka vidole vikasahau kunyooka,
alikuwa akisema: kamba haipimwi ikiwa imelala,
kamba hupimwa ikiwa imebeba.
Basi nikaiacha ibebe, nikahesabu pumzi tano,
ndipo nikamulika kipimo changu, kile cha taa nyekundu,
kisichojua kumbembeleza mtu.

Za mbele zimerefuka. Milimita tatu, nne.
Hizo ndizo zinazokubeba, hazijui Jumapili.
Za nyuma zimekaa bila kazi, zikanyeshewa na mvua ya Soni,
zikakauka begani mwako, zikajikunyata
kama mgeni asiyekaribishwa ndani:
milimita kumi na nne.

Unacheka. Kumi na nne ni nini?
Ni unene wa kidole changu cha shahada, hiki hapa.
Lakini bawa la mashindano, jembamba, refu,
lenye safu mbili tu za kamba,
halisamehi hata unywele.
Nyuma kukivutwa, pua inainuka,
linakwenda polepole kama ng'ombe aliyeshiba,
nawe huko juu unasema, leo limetulia.
Halijatulia. Linasinzia.

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba.
Hizi zetu hawakuziona:
hazikatiki. Hufupika kimyakimya.

Mimi yalinikuta. Wewe ulikuwa bado sekondari Korogwe.
Nilichelewa kusajiliwa, nikaona aibu kupima mbele za watu,
nikasema nitapima tukirudi.
Saa saba mchana, nje ya jabali la Irente,
joto linapanda kutoka mashamba ya mkonge,
kipima mwinuko kinalia kifuani kama kifaranga.
Nikakanyaga mwendo, nikauachia.
Bawa likabaki nyuma yangu.
Watu hudhani kinachotisha ni kelele.
Ni upepo kuacha kuimba kwenye kamba,
ni mikono kushika kitu kisicho na uzito.

Nikautupa mwavuli wa akiba.
Huo, angalau, nilikuwa nimeufungua mwezi ule,
nikauanika kivulini, nikaukunja upya pindo kwa pindo.
Nikatua katikati ya mkonge, mwiba ukanishona paja.
Kijana mmoja mkataji akanichomoa,
akaniangalia juu hadi chini, akauliza
kama kazi yenyewe ina posho.

Kwa hiyo kesho huruki.
Najua wametoka Arusha, najua jina lako liko ubaoni.
Usiku huu nitafungua kitanzi kimoja kila kamba ya nyuma,
nitapima tena, nitaandika daftarini,
na asubuhi utalijaribu kwenye kilima kidogo
pale ambapo ukianguka utachafuka suruali tu.

Kitambaa bado kinashika hewa.
Ila ukingo wa kushoto, pale ulipoliburuta kwenye mawe
kwa sababu ya uvivu, usikatae, alama ninaijua,
nimebandika kiraka. Usikidharau,
ndicho kitakuwa mbele yako kikikutana na upepo.

Nuna. Nikununie nami, tutazoea.
Ila dumu usilipige teke:
nimeliazima kwa mama Nakiete,
na hayo maji ni ya chai ya watoto.