Usiku wa Ishirini na Nane

Mwalimu Lugalia alichora ubaoni mafungu mawili:
mapigo manne, ndefu, fupi, fupi, ndefu,
na chini yake noti saba
kama shanga zilizokatikiwa uzi.
"Ndivyo walivyotunga Wafaransa wa kale.
Mapigo yakiisha, yanaanza upya.
Noti zikiisha, zinaanza upya.
Hakuna anayemngoja mwenzake."

Besi wakaguna. Imbuga akauliza
hii ni kwaya au ni hesabu.
Mvua ya Mbale ilikuwa juu ya mabati,
nayo haikufuata fungu lolote.

Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya kitabu.
Hospitalini napumzika kila usiku wa nne.
Vugutsa analinda ghala la mchele Kisumu,
ruhusa yake kila usiku wa saba.
Ndefu, fupi, fupi, ndefu:
nakuta chai yake imepoa kwenye chupa,
soksi zimeanikwa, zimekauka,
kwenye mto shimo la kichwa
nalaza changu humo humo.

"Sasa vinakutana wapi?" akauliza mtu wa alto.
Mwalimu akapapasa mfukoni kutafuta chaki.
"Ya ishirini na nane," nikasema.
Wakageuka wote kunitazama.

Tukaimba. Nilikosea mara mbili, labda tatu.
Lakini noti ya mwisho ilipoangukia pigo la mwisho,
ile ndefu,
niliishika.
Mwalimu alishafunga kiganja, wenzangu wamenyamaza,
mimi bado nimeishika.